Namna ya Kuonja na Kuchagua Wiski ya Uskoti ya Mchanganyiko kwa Bei Nafuu Mjini Mombasa

Katika maduka mengi ya vileo ya Mombasa na kandokando yake, kuanzia Mwembe Tayari hadi Mtwapa, mnunuzi husimama nje ya wavu wa chuma, akaonyesha kwa kidole chupa aitakayo, akapenyeza pesa kwenye kidirisha, akapokea chupa iliyokwisha kuviringishwa gazeti. Hakuna kuonja, na mara nyingi hakuna hata kuishika chupa kabla ya kuilipia. Kwa sababu hiyo wengi wetu hununua nembo tuliyoizoea kuiona kwenye meza za wenzetu, au hununua chupa ya bei ya juu kabisa ambayo mfuko unaweza kuhimili, tukidhani kwamba bei ndiyo kipimo cha ladha. Nimeyafanya makosa yote mawili kwa miaka, na nilichojifunza ni kwamba wiski ya bei nafuu huchaguliwa nyumbani, kwa pua, ikiwa imetiwa maji na kuwekwa kando ya wenzake. Dukani mtu huenda kuchukua tu kile alichokwisha kukiamua.

Maelezo haya ni ya mtu mzima ambaye tayari hunywa. Sheria ya Kenya ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Tena, katika mji wetu, ambako jirani wa ukuta kwa ukuta huenda ndiye mwadhini wa msikiti wa mtaa, adabu inataka shughuli hii ifanyike ndani, kwa sauti ya chini, bila kumshurutisha asiyetaka.

Kwanza, ujue kilichomo ndani ya chupa

Wiski ya mchanganyiko ya Uskoti hutokana na wiski za aina mbili. Ya kwanza ni ya kimea, yaani shayiri iliyolowekwa, ikaachwa iote kidogo, kisha ikakaushwa. Hukenekwa, yaani huchemshwa mvuke wake ukapozwa kuwa kileo, kwa kawaida mara mbili, katika mitungi mikubwa ya shaba, nayo hubeba harufu nyingi na uzito mdomoni. Ya pili ni ya nafaka, hasa ngano au mahindi, inayokenekwa mfululizo katika mtambo wa minara ambao Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru huko Ireland kabla ya kugeukia ukenekaji, aliupatia hataza mwaka 1830. Hii ya nafaka ni nyepesi, ina utamu wa chini, na kuitengeneza hakugharimu sana. Ndiyo maana katika chupa nyingi za bei nafuu sehemu yake ni kubwa kuliko ya kimea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 ndiyo iliyofungua mlango wa kuchanganya aina hizo mbili kabla ya kulipiwa ushuru, na waliouingia mlango huo kwa nguvu hawakuwa wenye viwanda bali wenye maduka ya vyakula: warithi wa John Walker, aliyefungua duka lake Kilmarnock mwaka 1820, na watu kama George Ballantine, aliyeanza biashara Edinburgh mwaka 1827, pamoja na watoto wake.

Mwenye kujua bizari ya pilau ataelewa kazi yao bila maelezo marefu. Mfanyabiashara wa Marikiti hanunui bizari moja: ana bizari nyembamba ya msimu huu na ya msimu uliopita, mdalasini mzito na mwembamba, pilipili manga ya shamba hili na lile, naye huvipima vyote upya kila mara ili mteja wa mwezi huu apate pilau ileile ya mwezi uliopita. Mchanganyaji wa wiski hufanya hivyohivyo kwa mapipa ya viwanda vingi. Kuna wanaoamini kwamba mchanganyiko ni wiski duni na kwamba ya kimea ya kiwanda kimoja ndiyo wiski ya kweli. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mchanganyiko mzuri una ulaini na ulinganifu ambao kiwanda kimoja hakikusudii kuutoa, na kwa sababu ya nusu ya bei.

Kanuni za Uingereza za mwaka 2009, ambazo ndizo zinazotumika sasa, zinataka wiski yoyote inayoitwa ya Uskoti ikenekwe na kukomaa Uskoti, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kileo kisichopungua asilimia 40 inapotiwa chupani. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli peke yake. Jambo hili la mwisho lishike vizuri: weusi wa kahawia unaouona kwenye chupa unaweza kuwa umetoka kwenye pipa, na unaweza kuwa umetoka kwenye karameli, wala jicho haliwezi kutofautisha. Basi usichague kwa rangi.

Pili, isome chupa kabla ya kutoa pesa

Mwombe muuzaji aigeuze chupa pande zote mbili. Muuzaji mwema hatachukia, na anayechukia amekwisha kukujibu. Tafuta maneno Blended Scotch Whisky yakiwa yameandikwa kwa ukamilifu, kwa maana kwenye rafu hiyohiyo utakuta chupa zilizoandikwa Whisky tu bila neno Scotch, ambazo hazibanwi na kanuni nilizozitaja. Jameson ni ya Ireland na Jack Daniel's ni ya Marekani. Si mbaya kwa sababu hiyo, ila si za Uskoti, na kuzilinganisha na za Uskoti ni kulinganisha kaimati na mahamri.

Nambari ya miaka, ikiwapo, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, wala si wastani wake. Johnnie Walker Black Label na Chivas Regal zenye nambari 12 hazina hata tone lililokaa pipani chini ya miaka 12. Zile zisizo na nambari zinakuhakikishia miaka 3 tu, ingawa huenda baadhi ya zilizomo ni kongwe zaidi. Maneno kama Finest, Rare na Old hayakupi kipimo chochote. Yasome kama unavyosoma maandishi ya nyuma ya matatu. Wala usiogope ukiona kwamba chupa ya mchanganyiko imejazwa nje ya Uskoti, kwa sababu mchanganyiko unaruhusiwa kusafirishwa kwa wingi na kujazwa kwingine. Ni ile ya kimea ya kiwanda kimoja tu ambayo lazima ijazwe hukohuko.

Baada ya hapo itazame stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iliyobandikwa kwenye chupa au kizibo. Iwe nzima, isiwe imebanduliwa na kurudishwa, na ukiwa na simu yenye programu ya Soma Label unaweza kuikagua papo hapo. Kizibo kisizunguke kabla pete yake haijakatika, kimo cha wiski shingoni kilingane na cha chupa jirani ya aina hiyohiyo, na karatasi isiwe imepinda. Johnnie Walker peke yake ndiyo yenye haki ya kupinda: karatasi yake hubandikwa kwa mshazari wa digrii 24 kwa makusudi.

Katika mji wa bandari hakukosekani mtu wa kukunong'oneza kwamba ana chupa ya meli, safi, isiyopitia mikononi mwa watu, kwa nusu ya bei. Niliwahi kuinunua moja, miaka mingi iliyopita, na sitasema wapi. Haikuwa na stempu, kizibo kilizunguka kama cha chupa ya maji iliyokwisha kunywewa, na nilipoifungua chumba kizima kilinuka rangi ya kucha. Niliimwaga kwenye sinki, na pesa nikazimwaga nayo. Nilikuwa na bahati kwamba ilinuka, maana methanoli, ambayo ndiyo sumu inayopofua na kuua, hainuki tofauti sana na kileo cha kawaida. Mwezi Mei mwaka 2014 pombe yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya. Kuitikisa chupa ukahesabu mapovu, au kuwasha kijiko kwa kiberiti utazame rangi ya moto, si vipimo vya kuaminika hata kidogo. Kinga ni kununua mahali penye leseni, chupa yenye stempu, na kuiachia chupa ya meli irudi melini.

Tatu, piga hesabu ya toti

Bei hubadilika, kwa hiyo nitatoa mfano wa hesabu tu. Toti ya mililita 30 hutoka mara 25 katika mzinga wa mililita 750. Tuseme mzinga ni shilingi 2,000: kila toti ni shilingi 80. Tuseme kwota ya mililita 250 ya wiski hiyohiyo ni shilingi 750: inatoa toti 8 na kitu, na kila moja ni kama shilingi 90. Kwota ni ghali zaidi kwa toti, lakini kwa mtu anayechagua ndiyo chaguo la busara, kwa sababu kwota tatu za wiski tatu tofauti zinakufundisha mengi kuliko mzinga mmoja, na ukikosea umekosea kwa shilingi 750. Si kila nembo ina kwota. Mahali isipopatikana, changeni watu watatu, kila mmoja alete chupa moja, mgawane.

Chagua tatu zilizo mbalimbali kwa tabia. Moja iwe nyepesi: J&B Rare, au VAT 69, ambayo William Sanderson aliitoa mwaka 1882 baada ya kuwaonjesha wataalamu, kama inavyosimuliwa, michanganyiko karibu mia moja, nao wakachagua ya pipa namba 69. Ya pili iwe laini na yenye utamu wa matunda au asali, kama Ballantine's Finest, Dewar's White Label au Famous Grouse. Ya tatu iwe na moshi: Johnnie Walker Red Label ina moshi kidogo na ukali wa pilipili manga, Teacher's Highland Cream hupata moshi wake kutoka kiwanda cha Ardmore, na Black Label, ukiweza kuifikia, ina moshi ulio na adabu zaidi. Moshi huo hutoka kwenye piti, yaani udongo wa mabwawani uliojaa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa kama matofali, ukakaushwa na kuchomwa chini ya kimea.

Nne, andaa maji, bilauri na ubaridi

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na miongozo yote iliyoandikiwa nchi za baridi. Jambo la kwanza ni maji. Nyumba nyingi za mji huu hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na kijiko kimoja cha maji hayo kinatosha kuiua wiski nzuri au kuifanya mbaya ionekane ina ladha ya bahari. Tumia maji ya kunywa ya chupa, yasiyo na gesi, na kama utataka barafu baadaye, igandishe kwa maji hayohayo. Nimeona watu wakinunua wiski ya shilingi elfu nne na kuitia barafu ya maji ya bomba, kisha wakamlaumu Mskoti.

Jambo la pili ni joto. Wakati wa kaskazi, mwezi Februari kwa mfano, chumba hufika nyuzi 30 na zaidi kwa urahisi, na katika joto hilo kileo huruka kutoka kwenye bilauri kikaichoma pua kabla harufu nyingine yoyote haijafika. Wengi wanaosema kwamba wiski za bei nafuu zinachoma wamezinywa zikiwa na joto la chai iliyosahaulika. Weka chupa kwenye friji kwa muda, au zisimamishe bilauri kwenye beseni la maji baridi, mpaka wiski iwe na ubaridi kidogo tu ukiigusa, karibu nyuzi 20. Usiigandishe, kwa sababu wiski baridi sana hufunga harufu zake na utakuwa umetoka kwenye kosa moja ukaingia jingine.

Bilauri iwe ya tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike. Glasi ndogo ya divai inatosha kabisa. Kikombe cha kahawa tungu, kwa uzuri wake wote, kina mdomo uliofunguka na harufu hutoroka. Osha bilauri kwa maji ya moto bila sabuni ya ndimu, uzianike zikauke zenyewe, maana kitambaa cha jikoni hubeba harufu ya kitunguu.

Chumba kisifukizwe udi wala ubani siku hiyo, wala usijipake manukato. Usile achari, pilipili, halua au viazi karai kwa muda wa saa moja kabla. Kipande cha mkate mkavu na maji vinatosha kusafisha ulimi. Mimi hupenda saa kumi na moja ya jioni, upepo unapoanza kuingia na kabla ya chakula cha usiku, kwa kuwa pua ya mwenye njaa kidogo hufanya kazi vizuri zaidi.

Tano, ipe pua muda wake

Mimina mililita 15 za kila wiski, nusu ya toti, katika bilauri tatu. Jumla ni mililita 45, kiasi kinachomtosha mtu anayejifunza. Ukizidisha, ulimi hulewa kabla ya kichwa. Anza na nyepesi, malizia na yenye moshi, kwa kuwa moshi ukitangulia hufunika kila kinachofuata.

Usiitumbukize pua ndani ya bilauri. Iweke bilauri usawa wa kidevu, acha mdomo wazi kidogo, vuta pumzi polepole, kisha ipandishe taratibu mpaka uhisi harufu inaanza kuchoma, halafu irudishe chini kidogo. Hapo ndipo mahali pako. Vuta mara mbili au tatu, pumzika, nusa kiganja chako mwenyewe ili pua isahau, rudi tena. Mara ya kwanza utasikia kileo tu. Usivunjike moyo wala usianze kubuni maneno.

Sasa tia maji. Wachanganyaji wa viwandani huipunguza wiski mpaka karibu asilimia 20 ya kileo wanapoinusa, na kwa wiski ya asilimia 40 hiyo ni kipimo kwa kipimo: mililita 15 za maji kwa mililita 15 za wiski. Watu hudhani kutia maji ni udhaifu. Ni kinyume chake, kwa sababu kileo kikipungua ukali harufu zilizokuwa zimejificha nyuma yake hujitokeza, na zikiwa na kasoro, kasoro nazo hujitokeza. Wiski ya bei nafuu inayobaki na harufu nzuri baada ya kutiwa maji sawa kwa sawa ni wiski iliyotengenezwa kwa uangalifu. Inayogeuka kuwa kadibodi iliyolowa haikuwa na kitu tangu mwanzo.

Baada ya maji, subiri dakika tano, kisha tafuta harufu kwa majina unayoyajua. Miongozo ya kigeni itakuambia utafute nyasi za Uskoti na keki za Krismasi za bibi wa Kizungu, achana nayo. Mtu aliyekulia pwani ana kamusi ya harufu ambayo wachanganyaji wangeitamani, na si kwa majivuno ninasema hivyo, bali kwa kemia. Mwaloni wa Marekani, uliotengenezewa mapipa yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, na ambayo Waskoti huyanunua kwa wingi, una laktoni zinazonukia nazi. Mwaloni huohuo hutoa vanilini, ambayo ni roho ya vanila, na yujenoli, ambayo ndiyo kiini kilekile cha harufu ya karafuu. Uchachukaji wa nafaka huacha esta, yaani viambato vyenye harufu ya matunda, na mojawapo hunukia ndizi iliyoiva kupita kiasi. Basi ukisikia nazi kavu iliyokunwa, karafuu na ndizi kisukari, hukuota ndoto. Umevikuta vitu vyenyewe.

Tafuta kwa mafungu. Fungu la utamu: je, ni sukari guru, asali, kashata ikiwa inaanza kuungua, au halua ikiwa bado kwenye sufuria? Fungu la matunda: ni tufaha na pea, au ni tende na zabibu kavu? Tende na zabibu kwa kawaida huashiria mapipa yaliyowahi kuhifadhi divai ya sheri ya Uhispania. Fungu la viungo: karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi kavu. Fungu la moshi: kuna moshi wa makumbi ya nazi yanayofuka polepole uani, kuna moshi wa samaki waliokaushwa, na kuna ule wa pwani hasa, unaochanganyika na mwani uliokaushwa na jua maji yakiwa yamekupwa na harufu ya dawa ya aidini inayopakwa kidonda. Hii ya mwisho hupatikana kidogo tu katika chupa za bei nafuu, lakini ukiijua utaiona Black Label kwa macho mengine, kwani kimea cha Islay, kisiwa cha Uskoti chenye wiski za harufu hiyo, kimo ndani yake.

Kisha zitafute kasoro. Rangi ya kucha, kadibodi iliyolowa, mpira ulioungua, kabichi iliyochemka: hizi si ladha za kuzoea. Andika maneno matatu kwa kila bilauri, yasizidi, kwa penseli, kabla hujaonja wala hujamsikia mwenzako.

Sita, mdomoni

Kunywa tone dogo, lisambaze ulimini, litafune kama unavyotafuna uji mzito, lihesabie hadi kumi, kisha meza na utoe pumzi kwa pua. Tazama mambo matatu peke yake. Uzito: je, inatanda au inapita kama maji? Mlingano: je, utamu unakuja pamoja na ukali, au ukali unabaki peke yake? Mwisho: baada ya kumeza, kinachobaki ni nini na kwa muda gani? Wiski changa za nafaka mara nyingi humalizika ghafla, na nyingine huacha ukakasi kama wa bibo lisiloiva, unaokausha ulimi. Ukakasi kidogo ni mwaloni na ni sawa. Ukikufanya utafute maji mara moja, iandikie alama ya chini.

Saba, ficha majina

Yote yaliyotangulia hayana maana ukiwa unaiona chupa. Shemeji yangu wa Mikindani ndiye aliyenifunza hili, bila ya kukusudia wema. Kwa miaka nilikuwa nikimsifia wiski fulani ya bei ya juu kidogo, nikiidharau VAT 69 yake kuwa ni ya mahafali za wanafunzi. Jumamosi moja alibandika vipande vya karatasi chini ya bilauri tatu, akavigeuza mwenyewe jikoni, akaniletea kwenye sinia la kahawa. Nilinusa, nikatia maji, nikaandika, nikatoa hukumu: bilauri ya katikati ndiyo bora, ina asali, ina pea, inatanda vizuri. Akaigeuza. Ilikuwa VAT 69. Ile niliyoisifia miaka yote nilikuwa nimeiandikia neno kadibodi. «Shemeji,» akasema, «hiyo pesa ya juu tungeinunulia mishkaki.»

Kuna njia moja kali zaidi ikiwa unashuku kwamba hutofautishi kweli. Mwenzako amimine bilauri tatu, mbili zikiwa za wiski moja na ya tatu ya nyingine, nawe utafute iliyo peke yake. Rudieni mara nne au tano kwa siku tofauti, kwa vipimo vidogo. Ukishindwa kuitambua mara nyingi, hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani: nunua ya bei ya chini kati ya hizo mbili na usione haya.

Nane, ijaribu kwa namna utakavyoinywa

Si kila mtu hunywa wiski kavu, na hakuna sheria inayomtaka afanye hivyo. Iliyoshinda kwa maji inaweza kushindwa kwa soda. Nyepesi, kama J&B, hupotea kabisa kwenye soda ya tangawizi; Red Label, ambayo peke yake naiona ina ukali wa kijana asiyefunzwa, husimama imara humo kwa sababu ya pilipili yake na moshi wake. Kwa soda ya maji na kipande cha ndimu, laini zenye matunda hufanya vizuri. Na kwa madafu, ambayo ndiyo njia yangu ninayoipenda wakati wa joto, toti moja kwa toti tatu za maji ya dafu changa lililotoka kukatwa, chagua yenye moshi kidogo na vanila nyingi: laktoni za mwaloni na nazi yenyewe hukutana bila kutambulishwa. Usitie sukari. Kwa dafu lililokomaa, ambalo maji yake yameanza kuwa na chumvi, mchanganyiko huu haufai.

Yeyote aliyeonja asishike usukani wala pikipiki. Tuktuk zipo.

Asubuhi, kabla ya kuziosha, zinuse bilauri ulizoziacha zikauke usiku. Kileo kimekwisha kuruka na kilichobaki ni pipa na moshi tu. Wiski iliyoacha harufu ya mbao tamu au ya jivu safi ndiyo ya kununua mzinga. Bilauri isiyonuka chochote ilikuwa na kileo zaidi kuliko wiski.

Mzinga ukifika nyumbani, usimamishe wima, kwa kuwa kileo hula kizibo, na uuweke ndani ya kabati la chini, mbali na dirisha na mbali na sehemu ya juu ya friji, ambako mimi niliwahi kuuweka mmoja kaskazi nzima nikaukuta umepoteza matunda yake yote. Wiski haiendelei kukomaa ikiwa chupani. Ya miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ukiirithisha wajukuu. Kilicho adui yake ni hewa, na chupa ikibaki na robo tu, hewa ndiyo nyingi kuliko wiski. Imimine kwenye kichupa kidogo cha kioo chenye kizibo cha kubana, kilichooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa, ukijaze hadi shingoni na ukibandike jina na tarehe, mbali na vichupa vya siki na asali ya dawa.